Joto la Chaja katika Bonde la Rukwa

Historia ya chaja za kompyuta mpakato huko Mtowisa ni fupi, lakini haieleweki bila historia ya umeme wenyewe, jinsi ulivyoanza juu Ufipa na baadaye kuteremka bondeni. Mtowisa iko chini ya ukingo wa Lyamba lya Mfipa, upande wa Ziwa Rukwa. Mji wa Sumbawanga uko juu ya uwanda, kama mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai wakazi wake hawaachi makoti. Ziwa Rukwa liko kwenye mita 800 hivi. Kushuka mita 1,000 huongeza joto la hewa kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi, na nyuzi hizo 6 zina uzito mkubwa kwa kifaa kilichofungwa ndani ya plastiki bila feni.

Uwandani umeme ulitangulia kupitia misheni. Mwaka 1967, miaka saba kabla ya Mkoa wa Rukwa kuundwa, misheni ya Kikatoliki ya Kaengesa ilifunga mtambo mdogo wa maji wenye uwezo wa kilowati 44. Mji wa Sumbawanga ulitegemea jenereta za dizeli za shirika la umeme, TANESCO, na dizeli ililetwa kwa malori kwa barabara ndefu ya vumbi kutoka upande wa Tunduma. Baadaye mji ukaunganishwa na Zambia kwa njia ya umeme inayotoka Mbala, ng'ambo ya mpaka. Hivyo kwa miaka mingi taa za Sumbawanga ziliwaka kwa umeme wa nchi jirani, huku gridi ya taifa ikiishia mbali. Mradi wa TAZA, wa njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, ulibuniwa kuziba pengo hilo, na Benki ya Dunia iliidhinisha fedha zake mwaka 2018.

Bondeni kulikuwa na koroboi, kandili na betri kavu za redio. Simu za mkononi ndizo zilizoleta hitaji la kuchaji. Mkulima wa mpunga au mvuvi aliyekuwa na simu alilipa mia mbili au mia tatu kibandani, ambako paneli ya sola ilijaza betri ya gari na betri ikalisha inveta ndogo. Biashara hiyo ilistahili heshima kubwa kuliko iliyopewa: iliwaunganisha watu wa vijiji visivyo na nguzo hata moja na ndugu zao wa Mbeya na Dar es Salaam. Lakini ndiyo pia iliyozoesha watu kutojali joto la chaja. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini la umeme kama la gridi. Hutoa wimbi la ngazi ngazi, na chaja nyingi zikilishwa hivyo hupata joto zaidi na kutoa mlio mwembamba. Aliyekabidhi simu yake asubuhi akaichukua jioni hakuigusa chaja wakati wa kazi.

Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilianzisha Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulioanza kazi mwaka 2007. Nguzo zikafika bondeni kwa awamu, na ada ya kuunganishwa kijijini ikawa shilingi 27,000. Nyumba ambayo haikusukwa nyaya iliweza kupewa UMETA, kifaa kidogo chenye soketi, swichi na kinga ya kukata umeme, kilichofungwa ukutani tayari kwa matumizi. Kilikuwa wazo zuri, kwani gharama ya kusuka nyaya ilikuwa inazidi ada yenyewe mara nyingi. Tatizo lilikuja baadaye. Soketi moja ililazimika kulisha redio, televisheni, simu za familia nzima na, kadiri miaka ilivyokwenda, kompyuta. Ekstensheni moja ikachomekwa kwenye nyingine, na chumba kilichoongezwa nyuma ya nyumba kikavutiwa waya na kishoka asiye na leseni.

Kompyuta mpakato zilionekana kwanza mikononi mwa watumishi wa umma. Uandikishaji wa wapigakura kwa alama za vidole mwaka 2015 ulizipeleka hadi vijijini, na walimu wakaanza kuchapa mitihani wenyewe. Baada ya sensa ya Agosti 2022 walimu waligawiwa vishikwambi vilivyotumika kuhesabu watu, kila kimoja na chaja yake. Steshenari nazo zikafunguliwa karibu na shule na ofisi, kwa ajili ya kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza maombi ya mikopo ya wanafunzi. Kompyuta za steshenari hizo kwa kawaida ni za mtumba. Hutoka Ulaya au Dubai, hupitia Kariakoo, na nyingi hufika bila chaja zake za asili au na chaja iliyokwisha kuchoka. Hapo ndipo soko la chaja za kuiga lilipopata wateja.

Ili kuelewa kwa nini chaja hupata moto, inafaa kujua kazi yake. Hupokea umeme wa volti 230 wa mkondo geu, huunyoosha kuwa wa mkondo mmoja wa volti zipatazo 325, kisha huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kuupitisha kwenye transfoma ndogo hadi ushuke kuwa volti 19 au 20. Chaja nzuri ya wati 65 hupoteza katika kazi hiyo wati 8 hadi 10, na zote hugeuka joto. Njia pekee ya joto hilo kutoka ni kupitia ganda la plastiki. Ikiwekwa juu ya meza penye hewa, huwa ya vuguvugu. Ikifunikwa na godoro, mto au rundo la karatasi, joto hurudi ndani.

Sehemu inayoumia mapema ni kapasita zenye majimaji. Kila joto linapopanda nyuzi 10, maisha yake hupungua kwa takriban nusu. Kwa hesabu hiyo, chaja ile ile ikitumika bondeni badala ya uwandani, ikiwa katika joto la nyuzi 6 zaidi, hupoteza karibu theluthi moja ya umri wake kabla ya kosa lolote la mtumiaji. Umeme hafifu huongeza madhara. Chaja za kisasa hufanya kazi kati ya volti 100 na 240, kwa hiyo volti zikishuka hadi 170 hazizimi. Hufidia kwa kuvuta mkondo mkubwa zaidi, na sehemu zake za kuingizia umeme huchemka. Kijiji kilicho mwishoni mwa njia ndefu huonja hali hiyo saa za jioni, kila nyumba inapowasha taa.

Moto wenyewe, hata hivyo, mara nyingi hauanzii ndani ya ganda. Huanzia kwenye waya na plagi. Plagi ya pini tatu za bapa, iliyowekewa kiwango Uingereza mwaka 1947 na kurithiwa na Tanzania, ilibuniwa ikiwa na fyuzi ndani yake. Fyuzi ya ampea 3 ndiyo inayolinda waya mwembamba wa chaja. Plagi za kuiga huuzwa na fyuzi ya ampea 13, inayoruhusu karibu wati 3,000 kupita kabla ya kukatika, au na kipande cha waya mahali pa fyuzi. Waya wenyewe huwa na nyuzi chache, na pengine za alumini iliyopakwa shaba. Unapokunjwa kila siku shingoni mwa plagi, nyuzi hukatika moja baada ya nyingine, na chache zinazobaki hubeba mzigo wote. Chaja za pini mbili za mviringo huleta balaa lake: ili ziingie, mtumiaji hufungua tundu la juu la soketi kwa kalamu au kijiti, na pini zisizokaa sawa hutoa cheche hadi plastiki igeuke kahawia.

Hata viwanda vikubwa vimekosea hapo hapo. Mwaka 2004 Dell iliwaita wateja warudishe chaja milioni 4.4 duniani kwa sababu ya kupata moto kupita kiasi. Agosti 2014 Hewlett-Packard iliita zirudishwe nyaya za umeme zipatazo milioni 6, zenye alama LS-15, baada ya taarifa 29 za nyaya kuchemka, kuyeyuka au kuungua. Lenovo ikafuata Desemba ya mwaka huo. Wito wa namna hiyo humfikia mnunuzi wa kwanza aliyeandikishwa. Haufuati waya ndani ya kontena la mtumba hadi Rukwa. Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya 1975, lilianza mwaka 2012 kutaka bidhaa zikaguliwe nchi zinakotoka kabla ya kupakiwa, lakini chaja inayoingia ndani ya begi la mfanyabiashara ni vigumu kuinasa.

Mafundi wa Sumbawanga na wa masoko ya bondeni ndio waliobaki kuwa ukaguzi wa mwisho. Fundi mwangalifu hulipasua ganda lililogundishwa, hukagua kapasita zilizovimba vichwa na kuweka zenye chapa ya nyuzi 105, si za nyuzi 85 ambazo ni rahisi zaidi. Hukata shingo ya waya iliyochoka na kuunga upya kwa risasi badala ya kusokota na kufunga utepe. Hurudisha fyuzi ya ampea 3. Chaja iliyokwisha kutoa harufu ya plastiki iliyoungua, au ambayo ubao wake umegeuka mweusi, haitengenezi. Huivua spea zinazofaa na kumwambia mwenyewe akatafute nyingine, akilinganisha volti na ampea zilizoandikwa chini ya kompyuta yake.