Ufunguo wa Duka Tupu: Funzo la Uganda, 1972

Agosti 1972 Rais Idi Amin wa Uganda aliwapa Waasia wenye pasi za Uingereza siku 90 wawe wameondoka nchini. Maduka na viwanda vyao vingi viligawiwa wanajeshi na watu wa karibu na utawala, ambao wananchi waliwabandika jina la "mafuta mingi". Haukupita muda mrefu, sukari, chumvi na sabuni zikaadimika.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili, zote potofu: kwamba Mwafrika hana kipaji cha biashara, au kwamba Mhindi alifanikiwa kwa unyonyaji tu. Historia inazikataa zote mbili. Mwenye duka dogo wa Kihindi alipata bidhaa kwa mkopo kutoka duka la jumla, mara nyingi la ndugu au mtu wa jamii yake. Dhamana yake ilikuwa jina la ukoo. Mwafrika alifungiwa mlango huo na mkoloni. Hapa Tanganyika sheria zilizuia asikopeshwe, kwa kisingizio cha kumlinda. Nchini Uganda, wakulima walipofanya ghasia mwaka 1949, mojawapo ya madai yao ilikuwa haki ya kuchambua pamba waliyoilima wenyewe. Hivyo basi, aliyegawiwa duka mwaka 1972 alipewa ufunguo. Hakupewa mtandao wa kukopeshana.

Tuwafuate sasa waliofukuzwa. Zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Baraza la jiji la Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus likiwasihi wasihamie huko. Walihamia. Wengi walianzia viwandani, na mwaka 1974 wafanyakazi wa Kiasia waligoma katika kiwanda cha Imperial Typewriters wakidai usawa na wenzao Wazungu. Taratibu maduka yakafunguliwa Belgrave Road kwa mitaji iliyochangwa na familia. Leo jiji lilelile linajivunia barabara hiyo.

Tusiugeuze ufanisi huo kuwa ngano. Kuaminiana kwa ukoo humfaa aliye ndani ya ukoo. Asiye na jamaa mwenye duka hubaki nje. Aidha, nyuma ya kaunta walikuwapo wake na watoto waliofanya kazi saa nyingi bila mshahara. Pale jamii inapobeba peke yake mzigo wa benki, wapo wanaoulipia.

Swali linatuhusu. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema. Lakini je, mkopaji anaunganishwa na msambazaji atakayempa bidhaa kwa mali kauli, na mnunuzi wa uhakika? Je, leseni yake inalindwa dhidi ya amri ya ghafla ya mkubwa? Kama sivyo, tunarudia kosa la 1972 kwa nia njema: tunagawa funguo za maduka matupu, kisha tunamlaumu mkopaji kwa kushindwa kurejesha.