Barabara za Kokoto za Kisiwa cha Mount Desert

Mount Desert ni kisiwa cha kilomita za mraba 280 hivi katika pwani ya jimbo la Maine, kaskazini mashariki mwa Marekani. Uti wa mgongo wake ni safu ya milima ya graniti yenye rangi ya waridi, iliyochongwa na barafu ya zama za kale, na kati ya mlima na mlima kuna maziwa marefu membamba. Mlima mrefu kuliko yote, Cadillac, una mita 466 tu, ila unaanzia karibu kabisa na bahari, kwa hiyo mpandaji hapunguziwi hata mita moja. Wenyeji wa asili, Wawabanaki, walikiita kisiwa hiki Pemetic. Mwaka 1604 Mfaransa Samuel de Champlain alipita na chombo chake, akaona vilele visivyo na miti, akakipa jina la Kifaransa lenye maana ya Kisiwa cha Milima Mitupu.

Utupu huo ni wa vileleni tu. Miteremko na mabonde yamefunikwa na msitu, na ndani ya msitu huo kuna kilomita 72 hivi za barabara za kokoto ambazo gari haliruhusiwi kupita. Ni nadra kupata mahali pengine ambapo mtu anaweza kuendesha baiskeli kutwa nzima milimani bila kusikia honi nyuma yake. Hata hivyo, barabara hizo hazikujengwa kwa ajili ya baiskeli. Zilijengwa kwa ajili ya farasi, na hilo ndilo linaloeleza uzuri wake.

Mwishoni mwa karne ya 19 matajiri kutoka Boston, New York na Philadelphia walianza kujenga majumba ya mapumziko kisiwani, hasa katika mji wa Bar Harbor. Walikuja kutafuta utulivu wakati wa kiangazi. Magari yalipoanza kuenea, kisiwa kiliyapiga marufuku. Lakini madaktari, wafanyabiashara na wakazi wa mwaka mzima waliyahitaji, na marufuku haikudumu. Bar Harbor ilifungua milango mwaka 1913, na kufikia 1915 magari yaliruhusiwa kisiwa kizima.

Mmoja wa waliosikitishwa na badiliko hilo alikuwa John D. Rockefeller Mdogo, aliyenunua nyumba katika kijiji cha Seal Harbor mwaka 1910. Utajiri wa familia yake ulitokana na mafuta ya petroli, lakini yeye alipenda kupanda farasi na kuendesha magari ya kukokotwa na farasi. Sheria iliposhindwa kuyazuia magari ya injini, aliamua kuyakwepa kwa njia nyingine: kujenga barabara zake mwenyewe, kwenye ardhi yake mwenyewe, na kuyafungia nje. Kazi ilianza mwaka 1913 na kuendelea hadi 1940. Zilijengwa kilomita 92 hivi kwa jumla, pamoja na madaraja 17 ya mawe, na gharama za madaraja 16 kati ya hayo zilitoka mfukoni mwake.

Wakati huohuo hifadhi ilikuwa ikizaliwa. Charles W. Eliot, aliyekuwa rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, na George B. Dorr walikuwa wakikusanya ardhi kwa ajili ya umma tangu 1901. Ardhi hiyo ilitangazwa kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa mwaka 1916, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Lafayette mwaka 1919, kisha ikapewa jina la Acadia mwaka 1929. Rockefeller alichangia zaidi ya ekari 10,000, na zile kilomita 72 za barabara sasa zimo ndani ya hifadhi hiyo.

Ufundi wa barabara hizi unastahili kutazamwa kwa karibu. Rockefeller alijifunza ujenzi wa barabara kwa baba yake, katika mashamba ya familia huko Ohio na New York. Barabara ina upana wa mita 5 hivi. Chini kuna tabaka la mawe makubwa, juu yake madogo zaidi, na juu kabisa kokoto laini iliyoshindiliwa. Katikati barabara imeinuliwa kidogo kama mgongo wa samaki, ili mvua isituame bali itiririkie kwenye mitaro ya pembeni, kisha ivuke chini ya barabara kwa makalvati ya mawe. Maine ina mvua nyingi, na theluji yake ikiyeyuka huteremka milimani kwa kishindo. Barabara isiyo na mitaro haifikishi misimu miwili pale.

Kwenye kingo za makorongo yamepangwa mawe makubwa ya graniti, hayakulainishwa wala kulinganishwa kimo, ili farasi na gari lake wasiporomoke. Wenyeji huyaita meno ya Rockefeller. Daraja la kwanza, lililomalizika 1917, limejengwa kwa mawe ya mviringo yaliyosuguliwa na maji. Mengine yote ni ya graniti iliyochongwa. Baadhi ya madaraja yanavuka barabara ya magari. Daraja la Stanley Brook ni mojawapo: magari hupita chini, farasi juu, na hawakutani.

Jambo lenye manufaa zaidi kwa mwendesha baiskeli ni mwinuko. Farasi anayevuta gari hawezi kupandishwa kilima wima, kwa hiyo wajenzi waliufuata mlima ulivyojikunja, wakizunguka mabega yake polepole. Miguu ya binadamu kwenye pedali inahitaji huruma hiyohiyo. Mpando unaweza kuwa mrefu, lakini hauvunji pumzi.

Si wote waliounga mkono. Mwaka 1924 Seneta George Wharton Pepper wa Pennsylvania alilalamika kwamba barabara zilikuwa zikiharibu msitu wa asili. Hoja haikuwa ya bure, kwani mlima uliopasuliwa haurudi ulivyokuwa. Waziri wa Mambo ya Ndani, Hubert Work, alisikiliza pande zote na kuruhusu kazi iendelee. Mtaalamu wa mandhari Beatrix Farrand alisaidia kuponya makovu kwa kupanda miti na vichaka vya asili kandokando ya njia.

Oktoba 1947, baada ya ukame mrefu, moto uliteketeza zaidi ya ekari 17,000 za kisiwa, zikiwemo zaidi ya 10,000 za hifadhi, pamoja na majumba mengi ya matajiri wa Bar Harbor. Mahali pa miti ya jamii ya misonobari iliyoungua paliota miti ya majani mapana, ambayo kila vuli hugeuka njano na nyekundu.

Rockefeller alizitunza barabara hadi alipofariki mwaka 1960. Hifadhi ilipoachiwa jukumu hilo haikuwa na fedha za kutosha, na njia zikadhoofika: mitaro ikazibwa na vichaka, kokoto ya juu ikasombwa. Hali hiyo ilikuwepo wakati baiskeli za milimani, zenye matairi mapana yanayoweza kokoto, zilipoenea miaka ya 1980 na kuleta wageni wengi. Kati ya 1992 na 1995 barabara zilikarabatiwa kwa fedha za serikali na za chama cha Friends of Acadia, kwa kufuata ufundi uleule wa awali: mgongo ukarudishwa, mitaro ikafukuliwa, meno yaliyong'oka yakapachikwa upya.

Leo mzunguko wa ziwa Eagle ni wa kilomita 10 hivi, na ule wa kuzunguka milima ni karibu kilomita 18. Sehemu zilizobaki katika ardhi binafsi karibu na Seal Harbor ziko wazi kwa wapanda farasi na watembea kwa miguu, lakini baiskeli haziruhusiwi huko. Ndani ya hifadhi, kanuni ni kwamba mwenye baiskeli humpisha mtembea kwa miguu, na wote wawili humpisha farasi.