Ndai Mpya Imekufa Injini? Soma Hii Kabla Fundi Ashike Spana

Umetoa ganji yako yote, pengine na loan juu. Umeposti picha ukishika ufunguo, mathe ameombea gari, mbogi imekubuyia soda. Miezi mitatu hivi baadaye unatoka Kiminini ukirudi Kitale, taa nyekundu inawaka kwa dashibodi, moshi unatoka kwa boneti, ndai inazima. Unavutwa hadi Kipsongo, na kabla hujakaa chini mafundi wanne wamefika. Mmoja anasema ni gasketi, mwingine pampu ya maji, wa tatu ameshaanza kufungua nati.

Msee, hapo ndipo watu hupoteza doh zao. Si pale barabarani. Ni kwa hiyo nati ya kwanza. Gari ikiwa bado mpya kwako, swali la kwanza si "itatengenezwa aje?" Swali ni "nani anafaa kulipa?" Na jibu linategemea sana vile utafanya siku mbili za kwanza. Hii hapa njia, hatua kwa hatua.

1. ZIMA, NA USIJARIBU KUWASHA TENA

Taa ya njano inakuambia kuna shida, itafute. Taa nyekundu inakuambia simama sasa hivi. Ile yenye picha ya birika ni presha ya oili. Injini ikikimbia bila oili, beringi za krenki zinaweza kukwama ndani ya muda mfupi sana, na ukiendelea "nifike tu hapo mbele" utageuza kazi ya elfu kadhaa iwe injini nzima.

Ile ya joto nayo ni hivyo hivyo. Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na huku kwetu maji ya kawaida yanachemka kabla ya kufika digrii 100, kama 94 hivi. Rediata husaidiwa na presha ya kofia yake pamoja na kulanti. Ukiwa umejaza maji ya mtungi na kofia imechoka, mlima kidogo tu unatosha kuchemsha. Silinda hedi ikipinda, gasketi inaenda, maji yanaingia kwa oili, na unaona kitu kama chai ya maziwa kwa kijiti cha oili.

Usifungue kofia ya rediata ikiwa moto, utachomeka uso. Usimwagie injini maji baridi. Na usivutwe na kamba ovyo: gari ya otomatiki, haswa yenye giaboksi ya CVT, ikiburutwa magurudumu ya kuendesha yakiwa chini, unaweza kuua giaboksi pia. Ya kuendeshwa na magurudumu ya mbele, inua mbele. Ya magurudumu manne, pandisha yote juu ya lori.

2. USIKUBALI IFUNGULIWE

Hii ndiyo hatua yenye pesa. Fundi wa mtaa anaweza kuwa mkali kuliko wa showroom, hakuna mtu anamdharau. Lakini akishafungua injini, muuzaji atasema mambo mawili. Kwanza, waranti imekufa kwa sababu mtu mwingine ameshika. Pili, kasoro imeletwa na huyo fundi wako. Na wewe hutakuwa na kitu cha kumjibu, kwa sababu ushahidi ulikuwa ndani ya hiyo injini na sasa uko kwa karai ya petroli.

Fundi wako afanye kazi ya macho tu: aangalie kiwango cha oili na rangi yake, aone kama kuna mahali panavuja, aunganishe mashine ya kusoma kompyuta ya gari na upige picha kodi zinazotokea. Mwambie asizifute. Halafu aweke vyombo chini.

3. KUSANYA USHAHIDI KAMA UNAENDA KORTINI

Pengine hutaenda, lakini jipange hivyo. Siku hiyo hiyo:

- Piga picha ya dashibodi ikionyesha mileji na taa zilizowaka.
- Rekodi video ya sauti au moshi, kama ulikuwa umeshika simu kabla izime.
- Andika tarehe, saa, mahali na vile gari ilikuwa inafanya.
- Tafuta mkataba wa kuuziwa, risiti, meseji za M-Pesa au karatasi za benki, na lile tangazo uliloona mtandaoni. Lipige picha kabla lifutwe.
- Tafuta risiti za servisi. Ulibadilisha oili wapi, lini, ya aina gani?

Hiyo ya mwisho usiipuuze. CVT ina oili yake, si ile ya otomatiki ya kawaida. Ukiwekewa isiyo yake, giaboksi inaanza kuteleza na mwisho inakufa. Risiti inayoonyesha oili sahihi inaweza kukuokolea laki kadhaa.

4. MWANDIKIE MUUZAJI, USIMPIGIE TU

Simu husahaulika. "Leta tutaona" si ahadi. Piga simu kama unataka, lakini ukimaliza tuma maandishi, WhatsApp au imeli. Unaweza kusema hivi:

"Habari. Mimi ndiye nilinunua gari yenu namba hii, tarehe hii. Leo saa hii imezima ikiwa na mileji hii. Taa ya joto iliwaka. Nimeizima na sijaifungua. Naomba mje muikague au mniambie ipelekwe wapi, na nani atalipa usafiri. Naomba jibu kwa maandishi ndani ya siku saba."

Mbona haraka hivyo? Sheria ya kuuza bidhaa hapa Kenya, Sale of Goods Act, inasema ukikaa na kitu kwa muda bila kumwambia muuzaji unakikataa, unahesabiwa umekikubali. Ukishakikubali, kukirudisha kunakuwa kugumu. Unabaki kudai fidia tu, kama gharama ya kutengeneza. Kila wiki unayonyamaza inakula haki yako.

Na hapa kuna kitu wengi hawajui. Tuseme ulibuy ndai Nairobi na imekufia Kipsongo, zaidi ya kilomita 350 kutoka kwa yadi. Sheria hiyo hiyo inasema, kama hamkukubaliana vingine, mtu aliyekataa bidhaa kihalali halazimiki kuirudisha mwenyewe. Inatosha kumjulisha muuzaji kwamba umeikataa. Kwa hivyo usikimbilie kukopa pesa ya brekidauni hadi Nairobi kabla hamjaongea.

5. NANI ANAFAA KULIPA?

Inategemea ulinunua wapi.

Showroom, gari mpya kabisa: una waranti ya kampuni, mara nyingi miaka 3 au kilomita 100,000, yoyote itakayofika kwanza. Ila lazima servisi ziwe zimefanywa kwa ratiba yao.

Yadi, gari imetoka Japan: kuna zinazotoa waranti ya miezi michache ya injini na giaboksi. Soma ile karatasi. Hata kama hakuna waranti, hujaachwa uchi; tutafika huko.

Uliagiza mwenyewe: hapa ni ngumu. Waranti ya Japan haiji na meli, na kumshtaki muuzaji aliye huko ukiwa Kitale ni stori ndefu na ghali.

Mtu binafsi, jirani au msee wa Facebook: sheria ya ubora inamwandama mtu anayefanya biashara ya magari. Kwa jirani unashikilia alichosema na kuandika. Ndiyo maana mkataba unafaa uandike "injini na giaboksi ziko sawa", si bei na sahihi tu.

Bima je? Komprehensivu kwa kawaida hailipi injini iliyokufa yenyewe. Inalipa ajali, moto, wizi. Na karatasi ya ukaguzi kabla ya meli? Kiwango cha KEBS kinachoitwa KS 1515 kinataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na liwe salama barabarani. Hakikuahidi injini itadumu.

6. SHERIA IKO UPANDE WAKO KULIKO UNAVYODHANI

Marekani wako na sheria maalum za gari mpya lenye kasoro isiyoisha. Jimbo la Connecticut lilianza mwaka wa 1982, mengine yakafuata. Kenya haina sheria ya aina hiyo, lakini iko na silaha tatu.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia ukipata hasara kwa sababu ya kasoro. Sale of Goods Act, sehemu ya 16, inamtaka mfanyabiashara akuuzie kitu chenye ubora wa kuuzika. Na Consumer Protection Act ya 2012 inasema muuzaji anahesabiwa ameahidi ubora huo hata kama hakutamka. Yule wa yadi akikuonyesha mstari wa "gari inauzwa ilivyo", usiogope ukadhani stori imeisha.

Lakini kuna mtego: kama uliikagua kabla ya kununua, huwezi kulia juu ya kasoro ambayo ukaguzi ulifaa kuionyesha. Kioo kilichopasuka, tairi kipara, hizo ni zako. Injini iliyofichwa ugonjwa ndani ni kitu kingine.

7. PATA RIPOTI YA MTU ASIYE WAKO NA ASIYE WAO

Muuzaji akisema "umeendesha vibaya", unahitaji mtaalamu huru. AA Kenya hukagua magari, na kuna wakaguzi wenye leseni ambao kampuni za bima hutumia. Ripoti iseme kitu kimoja waziwazi: kasoro ilitokana na nini, na je, ilikuwepo kabla ununue? Sasa injini inaweza kufunguliwa, lakini mbele ya huyo mkaguzi, muuzaji akiwa amealikwa kwa maandishi. Asipokuja, hiyo ni shida yake. Vipuri vya zamani usitupe. Weka kwa gunia, andika tarehe.

8. WAKIKULENGA

Tuma barua ya madai: unataka nini, pesa ngapi, siku 14. Halafu una milango miwili.

Wa kwanza ni Competition Authority of Kenya, ambao hushughulikia malalamishi ya wateja waliouziwa kitu kibovu au kudanganywa. Mileji iliyorudishwa nyuma iko humo.

Wa pili ni Mahakama ya Madai Madogo, ile Small Claims Court. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na unaweza kujisimamia bila wakili. Gharama ya injini nyingine na kuifunga inaweza kutoshea humo. Kwa kawaida kesi hufunguliwa pale muuzaji anafanyia biashara au pale jambo lilitokea. Ingia registry ya Kitale Law Courts, au ya Bungoma ukiwa upande huo, uulize yako inafaa kuanzia wapi.

9. LOAN ENDELEA KULIPA

Inauma kulipia gari iliyolala kwa nyasi. Lakini benki haikukuuzia gari, ilikupa pesa. Ukiacha kulipa, auctioneer atafika kabla hakimu hajasikia jina lako. Waandikie mapema, omba muda. Kama ni hire purchase iliyo chini ya Hire-Purchase Act na umeshalipa theluthi mbili ya bei, mwenye gari hawezi kuichukua bila kwenda kortini.

10. NA KAMA NI NDUTHI?

Wengi Kipsongo hawana ndai, wana nduthi ya mkopo, na ikikufa hakuna chakula jioni. Njia ni ile ile. Servisi ya kwanza huja mapema, kama kilomita 500 hivi, na ukiifanya nje ya wanaotambuliwa unaweza kupoteza waranti. Weka kile kitabu kipigwe mhuri. Nduthi ikizima, zima, piga picha, andika, halafu peleka kwa aliyekuuzia. Sheria ya kuuza bidhaa haichagui magurudumu manne.

Mwisho wa maneno: kama ndai yako iko sawa leo, ingia kwa droo utoe mkataba na risiti zote, uzipige picha, ujitumie kwa imeli. Ni dakika kumi tu. Siku taa nyekundu itawaka pale Kamukuywa saa mbili usiku, hizo picha ndizo zitaongea kwa niaba yako.