Msalaba wa Marsden, ukumbusho wa ibada ya Oihi nchini New Zealand

Katika Ghuba ya Visiwa, kaskazini mwa New Zealand, umesimama msalaba wa mawe uliozinduliwa mwaka 1907. Unaadhimisha ibada ya Krismasi iliyofanyika hapo Oihi Jumapili, tarehe 25 Desemba 1814, ikiongozwa na Samuel Marsden, kasisi wa Parramatta, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya jiji la Sydney.

Mgeni huingilia Bustani ya Urithi ya Rangihoua, kisha hushuka kwa miguu mteremko mrefu hadi ufukweni. Kurudi ndiko kunakochosha. Kando yake kuna kilima chenye matuta yaliyochongwa zamani. Hapo palikuwa na ngome ya Ruatara, chifu kijana wa Wangapuhi, na bila yeye msalaba huo usingekuwapo.

Ruatara alikuwa baharia. Mwaka 1809 alifika London akitaraji kumwona Mfalme George wa Tatu, asipate nafasi. Marsden alimkuta melini, mgonjwa hoi, akamtunza na kumkaribisha Parramatta, ambako alijifunza kilimo. Aliporudi kwao na mbegu za ngano, watu hawakuamini kwamba mmea ule hutoa mkate, mpaka alipousaga mbele yao.

Ni Ruatara aliyeuzungushia uwanja ua, akajenga mimbari na kupindua mitumbwi chakavu iwe viti. Marsden alihubiri kwa Kiingereza, akitumia maneno ya Injili ya Luka kuhusu habari njema. Wamaori waliposema hawaelewi, Ruatara aliwajibu kwamba wataelewa baadaye, akawafafanulia kadiri alivyoweza. Kwa hiyo walichosikia ni mahubiri ya mkalimani, pengine zaidi kuliko ya kasisi.

Mkalimani huyo alikuwa na hofu. Huko Sydney alikuwa ameonywa kwamba wamisionari watafuatwa na watu wengine wengi, na Wamaori watanyang'anywa ardhi kama walivyonyang'anywa wenyeji wa asili wa Australia. Tarehe 24 Februari 1815, hati ilitiwa saini: takriban ekari 200 za Oihi kwa mashoka 12. Ruatara, aliyekuwa mahututi, alifariki tarehe 3 Machi.

Shule ya misheni ilifunguliwa mwaka 1816. Mmaori wa kwanza alibatizwa nchini humo mwaka 1825, miaka kumi baada ya kifo cha Ruatara.