Minara ya San Gimignano na Mwaka 1255



Kuna miji midogo ambayo msafiri huijua kwa macho kabla hajaifikia. Yungali njiani, lango la mji liko mbali bado, na tayari ameliona umbo lake lote: mapaa, kuta na minara vimesimama juu ya kilima, na nyuma yake ni mbingu tupu. Mmoja wa miji hiyo ni San Gimignano, katika nchi ya Toscana huko Italia. Wakaaji wake leo hawafiki elfu nane. Baadhi yetu tunasali katika parokia zenye waamini wengi kuliko hao. Hata hivyo minara yake 14 ya mawe imeufanya ujulikane duniani pote, na mwaka 1990 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Wanaowaandikia watalii hupenda kuulinganisha na New York. Sisi ulinganisho huo hatuupendi sana. Majumba marefu ya New York yalijengwa ili watu wakae na kufanya kazi ndani yake, lakini minara ya San Gimignano ilikalika kwa shida. Iliinuliwa kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo tunayotaka kuitazama hapa.

Tuanze na barabara, kwa maana mji huu ulizaliwa na barabara. Katika karne zile mahujaji waliotoka Uingereza na Ufaransa kwenda Roma, kwenye makaburi ya Mitume Petro na Paulo, walifuata njia iitwayo Via Francigena, nayo ilipita hapo kilimani. Sigeric, Askofu Mkuu wa Canterbury, alipokuwa akirudi kutoka Roma mnamo mwaka 990, aliwekewa kumbukumbu ya vituo vyote vya safari yake, na San Gimignano ni kimojawapo. Hujaji huhitaji mkate, mahali pa kulala, kiatu kipya, mtu wa kumbadilishia fedha. Wenyeji wakajifunza biashara kwa wapita njia, kisha wakawa wafanya biashara wenyewe.

Bidhaa yao kubwa ilikuwa zafarani. Yaani ile nyuzi nyekundu iliyomo ndani ya ua dogo la rangi ya zambarau, ambayo huchumwa kwa mkono na kukaushwa polepole karibu na moto. Ili kupata gramu moja tu huhitajiwa maua yapatayo 150. Ndiyo sababu zafarani ilikuwa mali kama fedha, na katika karne ya 13 San Gimignano uliwahi kulipa madeni yake kwa zafarani. Pamoja na utajiri ukaja uhuru. Mwaka 1199 mji uliacha kuwa chini ya utawala wa Askofu wa Volterra, ukajitawala wenyewe. Mji wa namna hiyo Waitalia waliuita comune, neno lililo ndugu wa hili letu la «komini». Ili haki isipindishwe na koo za mjini, mtawala wake, aliyeitwa podestà, aliitwa kutoka nje, akapewa mshahara na muda maalumu, kisha akaenda zake.

Jambo hilo la kumwita mgeni aje kuwaamua wenyeji latuonyesha tayari palipokuwa pakiuma. Koo tajiri hazikuaminiana. Kila ukoo ulijijengea mnara kandokando ya nyumba zake, na mnara wenyewe ulikuwa silaha kabla ya kuwa pambo. Mafundi walijenga kuta mbili za mawe, wakajaza kokoto na chokaa katikati, hata unene wa chini ukawa wa kutisha. Ndani palibaki nafasi finyu, penye vyumba vidogo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, madirisha machache, na ngazi za mbao ambazo zingeweza kuvutwa juu adui akiingia. Kwa nje paliwekwa vibaraza vya mbao. Mbao zimeoza zamani, lakini matundu yaliyoshika boriti zake yangalipo kutani hadi leo, na mtazamaji makini ataweza kuyahesabu. Vita vikizuka barabarani, watu wa ukoo walikimbilia ndani, na kutoka juu wakawarushia mawe majirani zao. Tuseme vizuri: majirani. Si Waarabu, si Wajerumani, si jeshi la mji mwingine, bali watu waliochota maji katika kisima kilekile cha uwanjani na kupokea Komunyo mbele ya altare ileile.

Kwa nini walipigana? Vitabu vya historia hujibu kwa majina mawili: Waguelfi, waliokuwa upande wa Papa, na Waghibelini, waliokuwa upande wa Kaisari. Huko San Gimignano ukoo wa Ardinghelli ulikuwa wa Waguelfi, na ule wa Salvucci ulikuwa wa Waghibelini. Jibu hilo ni la kweli, lakini tukiishia hapo tutadanganyika. Papa na Kaisari walikuwa mbali. Walio karibu walikuwa ni shamba linalogombaniwa, cheo katika baraza la mji, mahari iliyokataliwa, damu ya babu isiyolipwa. Majina makubwa ya nje yaliufunika ugomvi wa nyumbani na kuupa heshima usiyostahili. Mtoto wa kiume katika ukoo wa namna hiyo alirithi uhasama pamoja na mnara, naye hakuulizwa kama anautaka. Sisi tuliokulia mahali ambapo majina ya makundi hubadilika huku maiti wakibaki walewale, hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Basi minara ikaongezeka. Mapokeo ya mji yasema ilifika 72, na yote katika eneo ambalo mtu hulivuka kwa miguu kwa robo saa. Mmoja akijenga, jirani yake hujenga mrefu zaidi. Tabia hiyo haikuwa ya San Gimignano peke yake. Bologna ulijaa minara, na mmoja wao, ule wa ukoo wa Asinelli, una mita 97 na ungali wima. Huko Firenze, mwaka 1250, wananchi wa kawaida waliponyakua utawala kutoka kwa mabwana wakubwa, waliamuru kila mnara wa mtu binafsi ukatwe, usipite kadiri ya mita 29. Mawe ya minara iliyokatwa yalitumika kujengea kuta za mji.

San Gimignano haukuthubutu kukata. Mwaka 1255 ulitoa sheria ya upole zaidi: mtu binafsi asijenge mnara kupita ule wa makao ya podestà, uitwao Rognosa, wenye mita zipatazo 51. Maana ya sheria ni wazi. Mamlaka ya wote iwe juu ya ukoo wowote, na jambo hilo lionekane kwa macho, hata kwa hujaji aliye mbali barabarani. Lakini wenye mali ni wajanja. Ukoo wa Salvucci ulikuwa na minara miwili pacha, na wenyeji husimulia kwamba ilijengwa miwili hivyo ili kila mmoja uiheshimu sheria, na yote pamoja iidharau. Hatimaye komini yenyewe ikaingia katika mashindano: kati ya mwaka 1300 na 1311 ulijengwa mnara wa jumba jipya la baraza, Torre Grossa, wenye mita 54, na hadi leo hakuna unaoupita.

Katika jumba hilohilo wenyeji humkumbuka mgeni mmoja. Mwaka 1300 Firenze ulimtuma Dante Alighieri, ambaye baadaye angekuwa mshairi mkuu wa Italia, kuuomba mji huu ujiunge imara na umoja wa Waguelfi wa Toscana. Alikuja kuhubiri umoja. Miaka miwili baadaye Waguelfi wa Firenze wenyewe, wakiwa wamegawanyika kuwa Weupe na Weusi, walimhukumu kwenda uhamishoni, naye hakurudi kwao tena mpaka kufa.

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa mtu asiyekuwa na mnara. Chini ya minara hiyo, mwaka 1238, alizaliwa msichana aitwaye Fina, wa familia iliyokuwa imefilisika. Alipokuwa bado mtoto akashikwa na ugonjwa uliompoozesha. Maisha yake yaliandikwa na mtawa Mdominiko, Giovanni del Coppo, mwanzoni mwa karne ya 14, na mapokeo hayo yasema kwamba alikataa kitanda, akalala juu ya ubao wa mwaloni miaka mitano. Wazazi wake wakafa; akabaki na mwanamke mmoja wa kumtunza, aitwaye Beldia. Fina alifariki tarehe 12 Machi 1253, umri wake miaka 15. Inasimuliwa kwamba kengele za mji zililia zenyewe, na kwamba juu ya ubao wake yalikutwa yamechanua maua. Kila mwaka mwezi wa Machi, katika nyufa za minara, huota maua ya manjano ambayo wenyeji huyaita maua ya Santa Fina. Kanisa halikumtangaza kamwe kwa hati rasmi. Watu wa mji ndio waliomwita mtakatifu, tangu siku ya mazishi yake.

Sikukuu na miujiza tunawaachia mtafakari wenyewe. Sisi tunataka mtazame tarehe. Watu walianza kuja kaburini mwake wakitoa sadaka, na kwa sadaka hizo komini ilianzisha hospitali kwa ajili ya maskini na mahujaji, ikaiita kwa jina la Fina. Ilikuwa mwaka 1255, mwaka uleule wa sheria ya minara. Katika miezi kumi na miwili mji mmoja ulijaribu kuyazuia majivuno ya matajiri wake kwa kipimo cha mita, na ukawajengea wagonjwa wake mahali pa kulala kwa fedha za msichana asiyekuwa na kitu. Jengo la hospitali halikuwa refu. Ukiutazama mji kutoka bondeni hulioni.

Mwaka 1348 tauni ikaja, ikaua sehemu kubwa ya watu. Minara haikumlinda mtu yeyote. Njia ya mahujaji na ya bidhaa nayo ilikuwa ikihamia bondeni, na mwaka 1353, ukiwa umechoshwa na maradhi na ugomvi, San Gimignano ulijitia chini ya Firenze. Hapo ndipo historia yake ya ukubwa ilipokwisha, na hapo pia ndipo umbo lake lilipookoka. Kwingineko matajiri wa karne zilizofuata walibomoa minara ya babu zao ili wajenge majumba ya fahari yenye madirisha mapana. Hapa hapakuwa na fedha za kujengea wala haja ya kubomoa. Mingi ilianguka au ilipunguzwa. Iliyosalia ilisalia kwa sababu ya umaskini. Tunaona ajabu kidogo kwamba mashindano ya miaka 150 yalihifadhiwa na ufukara wa miaka 500.

Wachoraji wametuachia ushahidi. Mnamo mwaka 1401 Taddeo di Bartolo alimchora Mtakatifu Geminiano, msimamizi wa mji, ameuweka mji wote magotini pake, pamoja na minara yake, kama mama apakataye mtoto. Katika miaka ya 1470 Domenico Ghirlandaio alichora mazishi ya Fina katika kikanisa chake ndani ya kanisa kuu la mji. Mwili wa msichana umelazwa mbele, mapadre na wavulana wa kwaya wameuzunguka, na nyuma yao, pande zote mbili, minara inachungulia. Kwenye mmojawapo malaika anapiga kengele.

Wageni wa leo hulipa kiingilio na kupanda ngazi za Torre Grossa ili wautazame mji kutoka juu. Katika nyumba ya makumbusho iliyo mjini humohumo vimehifadhiwa vyombo vya udongo vilivyotiwa rangi, vya duka la dawa la hospitali ya Santa Fina, baadhi yake vikiwa bado na majina ya dawa zilizokuwamo.