Maumivu ya mishipa: tangu vita ya Marekani hadi vidole vya mkono

Kuna maumivu ambayo radiografi haionyeshi. Kidonda cha risasi kimekauka, lakini mguu unawaka usiku kucha. Watu wanasema: huyu anajifanya, ao amerogwa. Waganga nao walichukua miaka mingi kabla ya kupata namna ya kupima maumivu hayo.

Wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe huko Marekani (1861–1865), daktari Silas Weir Mitchell alitunza askari waliopigwa risasi kwenye mishipa ya fahamu. Mwaka 1864, yeye na wenzake wawili walitoa kitabu juu ya majeraha hayo. Askari walisema mkono unawaka kama moto. Wengine waliulowesha maji kila mara. Mitchell aliwaamini, akaandika maneno yao. Lakini kipimo hakikuwepo bado.

Mwaka 1975, Ronald Melzack wa chuo kikuu cha McGill, Canada, alitoa orodha ya maneno 78. Mgonjwa anachagua yanayofanana na maumivu yake. Mwaka 2005, waganga wa Ufaransa walitoa DN4, yenye vipengele 10, kama vile kuwaka, kupigwa na umeme, ganzi. Vikipatikana 4 ao zaidi, muganga anafikiria mishipa ya fahamu. Hiyo inaonyesha aina ya maumivu. Ukali unaulizwa kwa namba, tangu 0 hadi 10.

Namba hizo zinaweza kumsumbua mtu ambaye hakusoma. Kwa hiyo Afrika, katika kazi ya kutuliza maumivu, wanatumia pia mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole 5 ni maumivu makali kupita yote.

Kipimo kina faida gani? Ukionyesha vidole 5 leo, na kisha dawa ukaonyesha 3, muganga anajua dawa inafanya kazi. Ukibaki 5, anapaswa kutafuta ingine. Parasetamoli mara nyingi haitoshi kwa mishipa. Kuna dawa zingine, kama amitriptilini, ambazo muganga ndiye anapanga.

Basi ukifika kwenye kituo cha afya, usiseme tu «naumwa». Sema: inawaka, inachoma kama sindano, ni ganzi, inazidi saa gani, inakunyima usingizi ao hapana. Halafu onyesha vidole. Na sisi jamaa tumuamini anayevionyesha.