Mikasa Iliyoandikwa Ichezwe

Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza mashujaa, ilitoka mwaka 1974 katika mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin, ikiwa boksi lenye vijitabu vitatu vya kanuni. Waandishi wake, Gary Gygax na Dave Arneson, walimpa mnunuzi nguvu za mashujaa, orodha ya mazimwi, uchawi na namna ya kurusha dadu. Mkasa kamili wa kuchezwa haukuwamo. Mwendeshaji, yule anayewaeleza wenzake wanachokiona na kinachowapata, alitakiwa achore mahandaki yake mwenyewe, ayajaze mazimwi na afiche hazina.

TSR, kampuni ya Gygax, haikuona haja ya kuuza mikasa iliyo tayari. Kubuni ndio uliokuwa utamu wa mchezo. Nani angetoa pesa kununua ubunifu wa mwenzake? Ni kweli Arneson aliingiza mkasa mmoja, Temple of the Frog, katika kitabu chake cha Blackmoor mwaka 1975. Lakini waliogundua kwamba hapo pana biashara walikuwa watu wa nje. Mwaka 1976 kampuni ya Wee Warriors ilitoa Palace of the Vampire Queen, na Bob Bledsaw wa kampuni ya Judges Guild, kule Decatur, Illinois, akauza mji mzima: ramani, maduka na wakazi wake. Wanunuzi wakajitokeza. TSR ikaingia sokoni mwaka 1978.

Mikasa yake ya mwanzo ilitokana na mashindano, na hilo linaeleza mengi kuhusu ubora wake. Tomb of Horrors, ambao Gygax aliuandaa kwa mkutano wa wachezaji wa Origins wa 1975, ulikusudiwa kuwachuja wachezaji hodari. Karibu na mwanzo wa kaburi, ukutani, pana uso wa shetani wa kijani aliyeachama. Anayeingia kinywani humo anatoweka moja kwa moja, bila dadu ya kumwokoa. Wengi waliuchukia mkasa huo kwa ukatili wake. Hata hivyo ulikuja na kijitabu cha michoro ya kuwaonyesha wachezaji, waone chumba kwa macho yao kabla hawajaamua. Huo ulikuwa ufundi halisi: mwandishi alikuwa amewafikiria watu watakaoketi mezani.

Aliyekwenda mbali zaidi ni Jennell Jaquays. Katika Caverns of Thracia, uliotolewa na Judges Guild mwaka 1979, mapango yana njia kadhaa za kuingilia, na ngazi zinazoruka tabaka moja hadi jingine. Waabudu wa kifo na viumbe wengine wana maslahi yanayogongana, hivyo wachezaji wanaweza kupigana, kukimbia au kupatana na adui wa adui yao. Makundi mawili yakiucheza, yatatoka na hadithi mbili tofauti kabisa. Kwa maoni ya mwandishi huyu, hakuna kipimo cha ubora kilicho bora kuliko hicho, na mikasa mingi iliyofuata ilikisahau.

Ilikisahau kwa sababu ya mafanikio ya aina nyingine. Mwaka 1983 Tracy na Laura Hickman walileta Ravenloft, na mnyonya damu wake, Strahd, mwenye majonzi, mapenzi na historia. Kabla ya mchezo karata hupigwa kuamua vitu muhimu vimefichwa wapi na Strahd anataka nini, kwa hiyo hadithi haikuwanyima wachezaji nafasi. Dragonlance, mfululizo wa mikasa ulioanza 1984, ulikuwa na hadithi kubwa zaidi, iliyokwenda sambamba na riwaya zake. Hapo mashujaa walikuwa wameshaandaliwa na njia yao kuchorwa mapema. Wachezaji walilalamika kwamba wanasukumwa kama abiria wa treni, na walikuwa na haki.

Mwaka huohuo wa 1984 kampuni ya Chaosium ilitoa Masks of Nyarlathotep, wa Larry DiTillio na Lynn Willis, kwa mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu. Rafiki wa wachezaji anauawa New York mwaka 1925. Barua, vipande vya magazeti na hata kibiriti cha baa moja ya Shanghai, vyote vya kushikwa mkononi, vinawaongoza London, Cairo, Shanghai na Kenya, ambako msafara wa matajiri uliteketea mwaka 1919. Wachezaji ndio wanaochagua waanzie wapi.

Sura ya Kenya inastahili kusomwa kwa makini. Miongoni mwa wanaoweza kuwasaidia wachezaji mjini Nairobi ni Johnstone Kenyatta, ambaye baadaye dunia ilimjua kama Jomo, na ambaye miaka ile kweli alifanya kazi katika idara ya maji ya manispaa. Kumweka pale kunaonyesha kwamba waandishi walifanya utafiti. Lakini kikundi cha wachawi wa bara kimechorwa kwa kalamu ya riwaya za kikoloni, na msomaji wa Afrika Mashariki anaumia kuona hivyo ndani ya kazi iliyo bora kiasi hiki.

Mwaka 2004 jarida la Dungeon lilipoorodhesha mikasa 30 bora ya Dungeons & Dragons, juu kabisa liliweka Queen of the Spiders, mkusanyiko wa mikasa ya Gygax na David Sutherland iliyoanza 1978, kisha Ravenloft, kisha Tomb of Horrors. Kazi za miaka ya mwanzo zilitawala.

Karibuni hatua imepigwa katika uandishi wenyewe. Zamani chumba kilielezwa kwa aya ndefu ya kusomwa kwa sauti, na mara nyingi jambo la hatari lilijificha katika sentensi ya mwisho huku wachezaji wamekwisha kusinzia. The Hole in the Oak wa Gavin Norman, wa mwaka 2020, umeandikwa kwa maneno machache yaliyokolezwa wino, kila moja na maelezo mafupi kando yake: mizizi inaning'inia, sakafu imelowa, sauti inatoka mashariki. Mwendeshaji hutupa jicho mara moja, kisha huinua kichwa na kuendelea kuzungumza na wenzake.